Kwa nini namtetea Nyerere juu ya Biafra

Nafundisha historia kidato cha sita, na swali hili halikosi muulizaji: "Mwalimu, mbona Nyerere aliwageuka Wanaijeria?"

Swali lina msingi. Wanajeshi wetu walipoasi Januari 1964, Waingereza walizima maasi, kisha kikosi cha Nigeria kikaja kushika ulinzi wakati tunaunda jeshi jipya. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Cairo, Nyerere alikuwa mstari wa mbele kutaka mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe. Halafu tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria. Nigeria ikavunja uhusiano nasi.

Mimi namtetea, na utetezi wangu unaanzia 1966. Mwaka ule maelfu ya Waigbo waliuawa kaskazini mwa Nigeria, na walionusurika wakakimbilia kwao mashariki, umati usiohesabika. Januari 1967 viongozi wa Nigeria, akiwamo Ojukwu, gavana wa mashariki, walikutana Aburi, Ghana, wakapatana kupunguza madaraka ya serikali kuu. Mapatano yakafa. Mei 30 Ojukwu akatangaza Biafra, na Julai mizinga ikaanza kulia.

Nyerere alisema umoja husimama juu ya ridhaa ya watu. Aliyekimbia kuchinjwa humrudishi kwa bunduki ukamwambia sasa tumeungana! Na azimio la Cairo, kwa jinsi ninavyolielewa, lilikuwa la kuzuia majirani wasinyang'anyane ardhi. Halikuipa serikali yoyote ruhusa ya kuwafanyia raia wake itakalo.

Tena hatukuwa na cha kuvuna. Uingereza na Urusi ziliiuzia Lagos, yaani serikali ya Nigeria, silaha. Sisi tulipoteza rafiki. Mei 1968 Gabon, Ivory Coast na Zambia nazo zikaitambua Biafra, mwaka 1969 Haiti, basi. Biafra ilizingirwa, watoto wakafa kwa njaa, na Januari 1970 ikasalimu amri.

Hoja inayonibana ni nyingine, na wanafunzi wangu wazuri huifikia wenyewe. Ndani ya mipaka ya Biafra walikuwamo Waijaw, Waefik na Waibibio, na wengi wao hawakuitaka Biafra. Sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa chini ya ardhi za makabila hayo madogo. Kama kipimo ni ridhaa, nao walistahili kuulizwa, na hakuna aliyewauliza, si Lagos wala Ojukwu. Bado naamini kuitambua Biafra kulikuwa haki, kwa sababu ya wale waliochinjwa. Lakini laiti tamko letu lingewataja na hawa.