Nilikaa nje ya mlango wa mkurugenzi kwa miaka 14

Nilikuwa katibu muhtasi wa ofisi ya mkurugenzi mtendaji kwa miaka 14. Kampuni ilikuwa moja, wakurugenzi wawili. Jengo lilikuwa lilelile, wafanyakazi wengi walewale, hata meza yangu haikusogezwa. Lakini nikiulizwa, nitasema nimefanya kazi katika kampuni mbili.

Mkurugenzi wa kwanza alikuwa mchapakazi, na lazima nimtendee haki: alikuwa mwaminifu na hakuwahi kuchelewa. Ila hakuna kitu kilichotoka bila sahihi yake. Kila asubuhi masijala waliniletea rundo la majalada: wino wa printa, ruhusa ya siku mbili, barua ya kumjibu mteja. Dokezo, yaani maelezo ya kuombea idhini, lilianzia kwa ofisa, likapanda kwa mkuu wa kitengo, kwa meneja, kwa mkuu wa idara, ndipo likafika kwangu. Jalada moja la kununua kiti cha mapokezi lilikuwa na sahihi saba. Nilizihesabu mara mbili.

Alikuwa na kalamu nyekundu. Asiporidhika aliandika pembeni maneno mawili tu, "Kwa nini?", na jalada likarudi chini. Mwenye dokezo alikesha akitafuta jibu, na mara nyingi bosi mwenyewe alikuwa anataka tu kujua.

Sasa angalia kilichotokea, maana ndicho kilichonifanya niandike. Mkuu wa idara mmoja aliomba apewe msaidizi wa kupitia madokezo kabla hayajaenda juu, ili asirudishiwe. Alipewa. Idara ya pili nayo ikaomba, ikafuata ya tatu. Baada ya miaka kama mitatu tukawa na kitengo kizima chenye meneja na maofisa wanne, kazi yao kuandaa taarifa za kupeleka kwa mkurugenzi. Kwenye chati ya muundo kilichorwa vizuri kwa kisanduku chake, ungedhani wataalamu walikaa wakakipanga. Hakuna aliyekipanga. Kilizaliwa na woga wa kalamu nyekundu. Tangu hapo nikiona chati ya kampuni yoyote hujiuliza kila kisanduku kiliwekwa ili kifanye kazi gani, na vingapi viliwekwa ili vimkinge mtu na bosi.

Tusidhani ni mambo ya kampuni ndogo. Alan Mulally alipoingia Ford, kampuni ya magari ya Marekani, kuwa mkurugenzi mkuu mwaka 2006 akitokea Boeing ya ndege, kampuni ilikuwa inaelekea kufunga mwaka kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Alianzisha kikao cha kila wiki ambacho kila mkuu alileta chati zake: kijani mambo yanakwenda, njano kuna wasiwasi, nyekundu kumekwama. Wiki za mwanzo chati zote zilikuja kijani. Kampuni inapoteza mabilioni, chati kijani tupu! Hatimaye mmoja wa wakuu hao, Mark Fields, akaleta nyekundu, kwa sababu gari jipya la Edge lilikuwa na hitilafu na lilibidi lisitoke kwanza. Chumba kikanyamaza. Mulally akapiga makofi, kisha akauliza nani anaweza kumsaidia. Wenzake wakaanza kujitolea pale pale, na baada ya muda chati zikaanza kuwa na rangi zote. Fields hakufukuzwa kwa chati ile, mwaka 2014 ndiye aliyerithi kiti cha Mulally.

Mimi naamini yale makofi yalifanya kazi kubwa kuliko waraka wowote ambao angeweza kuutoa.

Mkurugenzi wetu wa pili hakupiga makofi, hakuwa mtu wa mbwembwe. Wiki ya kwanza alinirudishia nusu ya rundo la majalada bila kuyasaini. "Dada, haya wenyewe wanaweza kuyaamua. Wapelekee." Niliyabeba mikononi nikipita idara kwa idara, na nakumbuka meneja mmoja alivyolishika jalada lake kama kitu kitakachomuunguza. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amekasirika?"

Haikuwa rahisi. Kwa miezi mingi watu waliendelea kuja na swali lao lilelile, bosi nifanyeje, naye anajibu, "Wewe umeamua nini?" halafu ananyamaza. Baadhi hawakuustahimili ukimya ule, wakaondoka. Idara mbili ziliwahi kuamua mambo yanayogongana na ikatugharimu mteja. Hata hivyo, madokezo yalipungua, na kile kitengo cha taarifa kikakosa cha kufanya. Hakuna aliyekivunja. Maofisa wake waliomba wenyewe kuhamia idara nyingine, mmoja baada ya mwingine.

Siku niliyoona kwamba kampuni imebadilika ilikuwa kwenye kikao cha wakuu wa idara, mimi naandika kumbukumbu. Mkuu wa ghala, baba wa makamo ambaye kwa miaka yote nilimjua kwa kusema "hali ni nzuri", alisimama akasema vitabu vyake na mzigo uliopo havilingani, na haelewi tatizo limeanzia wapi. Kalamu yangu ilisimama. Mkurugenzi aliuliza, "Unahitaji nani?" Akasema anamhitaji mtu wa usafirishaji. Mkuu wa usafirishaji akajibu, "Tuonane saa nane." Imekwisha hivyo. Haikuchukua hata dakika tatu, na kosa walilipata wiki ileile, kwenye hati za kupokelea mzigo.

Jioni hiyo nilipokuwa nachapa ajenda ya kikao kilichofuata, mkurugenzi aliniomba niongeze kichwa kimoja: "Yaliyokwama". Aliagiza kiwekwe mara baada ya kuthibitisha kumbukumbu, kabla ya yatokanayo. Nilipostaafu, yeye alikuwa ameshaondoka. Ajenda ya mwisho niliyoichapa ilikuwa bado na kichwa hicho, mahali palepale.