Jahazi la mwezi wa Machi

Picha yangu ya jahazi la Lamu, niliyoiweka Wikimedia Commons, hifadhi ya picha huria mtandaoni, kwa leseni ya CC BY-SA 4.0 (ya shirika la Creative Commons: itumie bure, ila mtaje mwenye kazi, na ukiibadilisha uitoe kwa leseni ileile), niliikuta kwenye kalenda ya kampuni moja ya utalii, ukurasa wa Machi. Anga limekolezwa rangi ya machungwa, nembo yao imekaa juu ya tanga, jina langu halipo. Rafiki zangu wakanihimiza nitafute wakili.

Nilianza na ushahidi: nikaipiga picha kalenda yenyewe, nikauhifadhi ukurasa wao wa mauzo kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni, maana ukishalalamika ukurasa hufutwa. Halafu nikaisoma leseni upya. Kuiuza kalenda si kosa, BY-SA inaruhusu biashara. Anayelalamikia hilo anajiharibia mapema. Makosa yalikuwa mengine: mpiga picha hakutajwa, kiungo cha leseni hakuna, hawakusema wameibadilisha, wala picha waliyoibadilisha hawakuitoa kwa leseni ileile. Sharti hilo la mwisho linaishika picha tu, si kalenda nzima.

Toleo la leseni ndilo lililoamua lugha ya barua. Kwenye 3.0, toleo la zamani, ukivunja masharti haki zako zinakoma mpaka mwenye kazi akurudishie. Kwenye 4.0 zinarudi zenyewe ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua kosa. Kwa hiyo barua pepe yangu ilitaja tarehe, haikutaja “wizi”, na ilibeba mstari tayari wa kunakili: jina la picha, jina langu, CC BY-SA 4.0, kiungo cha picha na cha leseni, kisha “rangi zimebadilishwa, nembo imeongezwa”.

Wakajibu: “Samahani kaka, tumesharekebisha.” Kumbe wameandika “Picha: Wikipedia”. Hili ndilo kosa la kila siku: Wikipedia siyo iliyopiga picha. Nikawarudishia mstari uleule. Safari hii jina likakaa, ila chini ya ukurasa bado palisomeka “Haki zote zimehifadhiwa”. Wakaongeza “isipokuwa picha ya Machi”. Kalenda zilizobaki stoo zikabandikwa stika. Zilizokwisha kuuzwa sikuzifuatilia.

Mhusika wa masoko akauliza nataka shilingi ngapi. Wapo wanaoishi kwa kutega watu hivyo, jina likikosekana tu wanatuma ankara. Mwongozo wa Creative Commons wenyewe unatanguliza masharti kufuatwa, mahakama iwe ya mwisho. Nikaomba faili ya picha yenye anga la machungwa, bila nembo. Wakaituma, nami nikaipandisha Commons kando ya ile ya kwanza, kwa leseni ileile, mbunifu wao akiwa ametajwa.