Land Cruiser ya dizeli: kuwaka kwa shida asubuhi na kugonga nyuma

Gari ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Ikilala usiku, asubuhi inapigwa starta mpaka betri inalegea. Ikishawaka, inatembea vizuri kutwa. Fundi akataka kufungua pampu ya dizeli. Nikagoma, maana pampu iliyochoka husumbua zaidi injini ikiwa ya moto.

Nikafunga kipande cha mpira angavu kati ya filta na pampu. Kesho yake, mapovu matupu! Hewa ilikuwa inaingia, dizeli inarudi tankini. Chini hakukuwa na tone, kwa sababu upande huo, kati ya tanki na pampu, hunyonya dizeli badala ya kuisukuma. Nikapiga pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi ikawa ngumu, gari likawaka papo hapo. Dawa ikawa mipira mipya na klipu zake, pamoja na oringi (pete ya mpira) ya filta.

Kugonga nyuma kila mtu alisingizia shokapu, nazo zilikuwa nzima. Nilipochokonoa masikio ya springi (ncha zake zenye tundu) kwa mtaimbo, yakacheza: bushi, yaani mipira ya ndani yake, zimekwisha. Ukibadilisha, kaza nati za mwisho gari likiwa limekanyaga ardhi, la sivyo mpira utajipinda na kukatika mapema.