Kilo 180 za kinu cha mahindi

Niliponunua RAV4 ya kumpelekea shemeji Dar, nilidhani kazi ni kuipata kwa bei nzuri. Kumbe kazi ilikuwa kuitoa Reading, Uingereza, hadi bandarini Southampton. Haikuwa na bima wala ushuru wa barabara, ikabidi ipande tela na kuvutwa na pikapu yangu.

Kila niliyemuuliza alinijibu: "Vuta tu kaka, sheria ilishabadilika." Ni kweli. Zamani hapa Uingereza, tuliofaulu mtihani wa gari dogo kuanzia Januari 1997 tulitakiwa kufanya mtihani mwingine ndipo tuvute tela zito. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, leseni ile ile inatosha kwa tela la hadi kilo 3,500. Lakini hiyo ni ruhusa ya dereva. Gari nalo lina yake, na mara nyingi ni ndogo zaidi.

Yangu imeandikwa kwenye kibao mlangoni: pikapu na mzigo wake, kilo 2,800, pikapu na tela kwa pamoja, 4,900. Asubuhi ya safari nikapita kwa wanunua chuma chakavu, wana mizani ya kupimia malori. Pikapu: 2,780. Nikatabasamu. Tela na RAV4 juu yake: 2,300, wakati tela lenyewe linaruhusiwa 2,600. Nikatabasamu tena. Halafu yule kijana akajumlisha: 5,080. Kila kimoja kimepita, vyote pamoja vimezidi kwa kilo 180.

Nikarudi nyumbani kushusha kinu cha kusagia mahindi na mota yake, pamoja na matairi manne. Shemeji alinuna hadi kwenye simu nikamsikia.

Nikiwa hapo hapo nikapima na uzito unaokalia ndoano ya kuvutia tela. Nilisimamisha kipande cha mbao juu ya mizani ya bafuni, nikateremsha pua ya tela juu yake: kilo 35. Kidogo mno, tela la hivyo huyumba nyuma kama mlevi. Tukaisogeza RAV4 mbele kama nusu shubiri, ikasoma 85. Ndoano yangu mwisho ni 100.

Kwenye barabara kuu ya mwendo kasi (motorway) nilienda maili 60 kwa saa, ndio kikomo cha mwenye tela, na penye njia tatu nikaikwepa ya kulia kabisa, maana hairuhusiwi. Magari madogo yalinipita bila salamu, ila tela lilitulia. Saa nane mchana RAV4 ilikuwa bandarini.

Kinu bado kiko gereji kwangu. Shemeji anakiulizia kila Jumapili.