Maji ndani ya ringi: usikubali kuuziwa gololi

Ukisukuma baiskeli baada ya mvua na ikawa inalia chwaa, chwaa, kama dafu linalotikiswa sikioni, fundi wa kwanza utakayempata atakwambia gololi zimekufa. Wangu aliniambia hivyohivyo. Akafungua habu, kile kitovu cha gurudumu, akamwaga gololi nzima kabisa, akaweka mpya na grisi juu. Elfu kadhaa zikaenda, na chwaa ikabaki palepale.

Nilipomrudia akaipindua baiskeli, akazungusha gurudumu kwa nguvu zote, akatega sikio. Kimya. "Umeona mjomba? Imepona." Na kweli haikulia, ila ukijua sababu unacheka: gurudumu likienda kasi, maji yanatupwa nje na kugandamana upande wa tairi, hayana nafasi ya kucheza. Nikamwomba alizungushe taratibu, kwa kidole kimoja. Chwaa. Akanyamaza, kisha akaniambia niiache juani.

Niliiacha. Jua la Tanga unalijua, tandiko lilikuwa halikaliki. Jioni chwaa ilikuwa vilevile, maana tairi na tyubu zimeziba upande mmoja, na upande wa pili kuna vitundu vya spoku vilivyobanwa na nati zake. Mvuke utokee wapi?

Yangu ni mtumba wa Japani, ringi za aluminiamu zenye kuta mbili, katikati kuna uwazi unaozunguka mzima. Phoenix ya babu haina shida hii. Ringi yake ni bati moja tu. Hizi za kisasa ukikatiza dimbwi refu maji yanajipenyeza kwenye spoku na tundu la valvu, na masika ikikolea kati ya Pongwe na mjini madimbwi hayo huyakosi. Wanaosafisha baiskeli kwa mashine ya kuoshea magari nao wanajitafutia.

Kuna jirani alikuja na drili, anataka kunitobolea ringi upande wa ndani, unaotazama habu. Nikamkatalia. Gurudumu likisimama, maji yanakaa chini kabisa, na pale chini ukuta wa habu ndio uko juu. Angetoboa dari ili sakafu ikauke! Na ringi ingepungua nguvu bure.

Dawa ni kuyatolea upande wa tairi. Nikavua tairi na tyubu, halafu, na hapa ndipo wengi wanaishia njiani, nikabandua na ule mkanda unaofunika vichwa vya spoku. Chini yake kuna matundu makubwa yanayotazama nje. Nikasimamisha ringi juu ya beseni, nikaizungusha polepole, kila tundu likifika chini linatema. Maji yalikuwa ya kahawia, yana vipande vya kutu, kwa sababu nati zangu ni za chuma. Ukiweza pata za shaba. Yaliyobaki nikayapuliza: mpira wa pampu kwenye tundu la valvu, ukikandamiza mvuke mwembamba unaruka matundu yote. Nilifurahi kama mtoto, nikapuliza hata pale ambapo palishakauka. Nikaitundika ukutani mpaka kesho yake. Hapo sasa jua lina kazi.

Mkanda ukiwa umelegea badilisha, la sivyo ukingo wa tundu la spoku utakutoboa tyubu. Kwenye valvu nimekata kijiduara cha tyubu mbovu, nikakibana chini ya nati yake. Maji yanaingia kidogo sana siku hizi. Wanaoshauri kuziba kila spoku kwa gundi siwasikilizi, kwani siku yakiingia hayatoki tena, na ukitaka kukaza spoku utajuta.

Yule fundi nilimweleza yote. Majuzi nimepita Ngamiani nikamkuta ameinamia beseni, anamzungushia mteja ringi taratibu na kumfafanulia kwa nini jua halisaidii. Gololi mpya zilikuwa pembeni, tayari kwenye bili.