Mlima ukikuzidi shuka usukume

Assalaam alaykum warahmatullah ndugu zangu. Wiki hii kichwa changu chote kipo barabara ya Lindi. Mie na wenzangu wachache hapa Mtwara tumenuia kwenda Lindi kwa baiskeli inshallah, zaidi ya kilomita 100, na mwenzenu hamsini nimeshaivuka, sio mtu wa mashindano, baiskeli nimeirudia ukubwani baada ya daktari kuniambia presha inapanda. Kwenda sio kazi sana manake upepo wa kusi unakusukuma mgongoni, shughuli ipo kurudi, upepo wote unakuja usoni na vilima unavyo na miguu imeshachoka.

Sasa vijana tunaofanya nao mazoezi wameweka sharti, hakuna kushuka kusukuma, atakayeshuka tutamcheka mpaka Mikindani. Wao walikuwa wanatania lakini mie limenikaa rohoni wiki nzima, kila nikiswali nalikuta lipo. Kwanini mtu mzima aone aibu kushuka?

Nikakumbuka ile hadithi ya Anas (r.a), Mtume (s.a.w) alimuona mzee anatembea huku ameshikiliwa na wanawe wawili, akauliza ana nini huyu, akaambiwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Mtume akasema Allah hana haja na huyu kujitesa nafsi yake, akamuamuru apande mnyama. Hebu iangalieni vizuri jamani. Yule mzee hakuwa anafanya maasi, alikuwa kwenye ibada, tena ameahidi, na bado akaambiwa panda!

Wala simaanishi tukae barazani kutwa tunasukuma kahawa na kashata tukisema umri umeenda. Mtume mwenyewe alikimbizana na mama Aisha, na hapo alikuwa ameshavuka hamsini. Na aya ya mtu wa miaka arobaini mnaijua, ipo Suratul Ahqaf, mtu akifika miaka hiyo anaomba awezeshwe kushukuru na kutenda mema, haombi kupumzishwa. Mwili ni amana, uufanyishe kazi. Hilo halina ubishi.

Ninalotaka kusema ni rukhsa, ile nafuu Allah aliyompa mwenye udhuru kwenye ibada. Sisi watu wazima tuna kiburi na rukhsa za Allah, kwakweli. Mtu yupo safarini anaswali Adhuhuri rakaa nne kamili, ukimwambia punguza anakwambia mie bado nina nguvu. Nani kakuuliza nguvu zako? Huko kupunguza ni sadaka Allah amekupa, ndivyo alivyosema Mtume, basi ipokee. Na hadithi nyingine inasema Allah anapenda rukhsa zake zifuatwe kama anavyochukia kuasiwa.

Na hapa niseme na wenye sukari na wenye presha, najua mpo humu. Kaka yangu mkubwa anachoma sindano za sukari miaka mingi, daktari alimkataza kufunga, yeye akawa anafunga kimyakimya, hoja yake ilikuwa moja tu, wajukuu wataniona vipi nakula mchana wa Ramadhani. Siku moja baada ya Alasiri akaanguka, mwili jasho tupu, haongei, haelewi, sukari imeshuka vibaya, tukambeba kwenye bajaji huku shemeji analia njia nzima. Alhamdulillah alizinduka. Lakini nawauliza, ile funga alikuwa anamfungia nani? Aya yenyewe ya kufunga, hiyohiyo kwenye Suratul Baqara, ndani yake Allah anasema anawatakieni wepesi wala hawatakieni uzito. Yaani umeshika nusu ya aya umeacha nusu! Mtume alimkuta mtu safarini kazungukwa na watu wanamfunika kivuli, hoi kwa sababu kafunga, akasema sio katika wema kufunga safarini. Leo kaka analisha maskini kila siku ya Ramadhani, anakula dawa zake kwa wakati, na sijamuona ana furaha kwenye mwezi ule kama sasa.

Kwahiyo wewe uliyekatazwa na daktari, usisubiri Shaabani iishe ndo uanze kujificha. Nenda hospitali mapema uulize, kisha nenda kwa shekhe wako umueleze alichosema daktari, na watoto wako uwaambie wazi, baba mwaka huu hafungi kwa sababu Mola wake kamruhusu. Wakuone unakula. Hilo nalo ni somo kwao, watalikumbuka wakifika umri wetu.

Sisi tunaondoka Jumamosi baada ya Alfajiri, tutasoma dua ya safari pale pale tukiwa juu ya tandiko, Subhanalladhi sakhkhara lanaa haadhaa. Nimebeba tyubu ya ziada, viraka, maji yenye chumvi na sukari, na ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, ya kuchemsha aliyonifungia mama watoto. Vijana nimeshawaambia, kwenye kilima nitashuka. Mwenye pampu nzuri aje nayo, yangu inavuja hewa.