Siku moja karakanani: ukucha si kipimo cha mbao

Saa 1 asubuhi. Nilipoingia karakanani nilimkuta mwanafunzi wangu ameshaanza kuzichambua mbao zilizoshushwa jana yake, kwa kipimo alichojitungia mwenyewe: anaukandamiza ubao kwa ukucha, ukiingia alama anauweka upande wa mbao laini, usipoingia anauweka upande wa ngumu. Juu ya fungu la laini kilikaa kipande cha balsa, nami nikaona somo lianzie hapo, kwa kuwa balsa ni mbao ngumu.

Saa 3. “Fundi, hii naivunja kwa vidole,” alilalamika, na hakusema uongo. Majina yenyewe ndiyo yanayopotosha, maana yanataja ukoo wa mti, si ukakamavu wa mbao. Mbao ngumu hutoka kwenye miti itoayo maua, ambayo mbegu zake hukua ndani ya tunda na majani yake aghalabu ni mapana, kama mninga, mvule, mkangazi na mtiki. Mbao laini hutoka kwa misonobari, mierezi na jamaa zao, ambao mbegu zao hukaa bila tunda, kwa kawaida kati ya magamba ya koni. Nilinoa patasi, nikazisafisha ncha zilizokatwa mkingamo, nikampa lenzi. Mtiki ulionyesha vitundu vikubwa vilivyojipanga mwanzoni mwa kila pete ya ukuaji, ilhali mvule umevitawanya kote. Hivyo ndivyo vinywa vya mirija iliyopandisha maji mti ulipokuwa hai. Msonobari hauna mirija hiyo. Maji yake hupita katika seli nyembamba na ndefu zinazojaza zaidi ya asilimia 90 ya mbao, na vitundu vichache anavyoviona mtu humo ni njia za utomvu.

Saa 6 mchana. Tulitumbukiza vipande viwili katika ndoo ya maji. Mpingo, ambao mita moja ya ujazo huweza kupita kilo 1,200, ulizama papo hapo; balsa, yenye kilo 160 hivi kwa ujazo uleule, ilielea kama unyoya. Wote wawili ni mbao ngumu.

Saa 8. Kazi yenyewe ilikuwa fremu ya msonobari, mbao inayonyooka, inayokubali msumari na inayotokana na mti unaokua upesi, ndiyo maana hupendwa katika ujenzi. Kero yake ni msasa: utomvu huuziba, na sehemu nyeupe ya pete hulika haraka kuliko ile nyeusi, hata uso ukabaki na mawimbi. Mvule nao una hila zake, kwani mara nyingine huficha ndani vijiwe vya chokaa vinavyovunja makali ya randa, na mtiki una mafuta ya kuufuta kwa spiriti kabla ya kutia gundi. Mbao hizi ngumu hutobolewa kwanza kwa keekee, ndipo skrubu ziingie.

Saa 11 jioni. Kabla ya kufunga nilimpa tawi la mvinje, lenye vijitawi vyembamba vya kijani vinavyodhaniwa kuwa majani ya sindano, na vijitunda vifananavyo na koni, pamoja na kipande cha mbao yake. Alilitazama tawi akasema, “Laini.” Kisha, bila kuambiwa, akaichukua patasi, akasafisha ncha ya kile kipande na kuinamia lenzi kwa muda mrefu.

“Fundi,” alisema, “ina vitundu.”